Nkunzimana Amegoma

Ugonjwa wa lile pikapu ulikuwa na tabia mbaya ya kujificha mbele ya fundi. Habonimana akilipeleka gereji kwa Abdulrahmani, pale Kasulu, injini inanguruma taratibu, imetulia, unaweza kuweka glasi ya maji juu yake na isimwagike. Akitoka nalo, akapakia watu na mzigo, akaanza kupanda mlima, hapo sasa! Linakata, linashika, linakata tena, bodi zima linatetemeka mpaka milango inagonga. Akirudi gereji na malalamiko yake, kimya. Pikapu la watu limepona njiani.

"Bwana we, gari yako inanidhalilisha," alisema Abdulrahmani siku moja, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Walishabadilisha plagi. Walishasafisha nozeli na chujio la mafuta. Zile koili nne zinazopeleka umeme kwenye plagi, moja juu ya kila silinda, alizipima moja moja zikiwa za baridi, na zote zilijibu kwamba ni nzima. Fundi mwingine angesema nunua zote mpya tumalizane. Abdulrahmani hakuwa na moyo huo.

"Sitaki ununue vitu kwa kukisia," alisema. "Injini inamisi, yaani inakatakata, ikiwa imechemka, ina mzigo, na iko mlimani. Hapa gereji sina mlima wala mzigo. Siku ukipata safari ya namna hiyo nibebe na mimi. Nataka nimkute mwizi ndani ya nyumba."

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo Habonimana hakumwambia fundi wake, wala mkewe, wala mtu yeyote. Kazi yake kubwa, na hiyo ilijulikana, ilikuwa kubeba maiti. Watu wanafia hospitali za mjini, Kibondo au Kasulu, na ukoo unataka mtu wao alale kwao. Makanisa yalimjua kama dereva mpole, asiyefungulia redio, asiyekimbiza jeneza. Na si mara moja gari lilimgomea mlimani huku jeneza liko nyuma. Ajabu ni kwamba lilipogoma, wafiwa hawakuuliza habari za injini hata kidogo. Walishuka, wakalizunguka jeneza, wakaanza kumsihi marehemu. Kwa imani ya wengi, maiti asiyetaka kusogea ana neno moyoni. Kuna mtu kamkosea, na mtu huyo aseme kosa lake kabla hawajafika kaburini. Basi watu wanasema yao, wanalia, wanaombana radhi, na wakati huo injini inapoa. Ikiwashwa, inaitika. "Karidhika," wanasema, na safari inaendelea.

Habonimana angeweza kusema ukweli. Alijikausha. Nani atakodi gari bovu limbebee mama yake? Bora lawama zimwendee marehemu, ambaye hana mdomo wa kujitetea. Safari moja, wakimpeleka marehemu bibi mmoja kijijini kwao Titye, alivuka hata mpaka wa kujikausha. Alishuka mwenyewe, akavua kofia, akawaambia wafiwa kwa sauti ya huzuni, "Msemesheni jamani, hili si jambo la gari." Watu wakamshukuru! Usidhani alikuwa mtu katili. Alijiona mwerevu tu, na werevu wa namna hiyo ndio unaotuponza wengi.

Ndipo akafa Nkunzimana, hospitali ya Kibondo, na ukoo wake ukampigia simu Habonimana aje ambebe mpaka Rungwe Mpya. Jeneza, wafiwa wamejaa nyuma, milima njia nzima. Habonimana akampitia Abdulrahmani alfajiri.

"Lakini usiseme wewe ni fundi," akamwonya. "Sema tunapokezana usukani."

"Kwa nini?"

"Ni msiba, bwana. Watu wakimwona fundi ndani ya gari la msiba watapata wasiwasi."

Abdulrahmani akacheka, akaificha mfukoni koili moja nzima aliyoifunga kwa kitambaa, na bisibisi na spana chini ya kiti. Kwake yeye ile ilikuwa safari ya kutafuta ugonjwa basi.

Pale Kibondo, mzee Leonidasi alilizunguka gari kabla jeneza halijapandishwa. Alikuwa baba mdogo wa marehemu, mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye koti lililompwaya, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia. Nkunzimana alifiwa na baba yake akiwa anatambaa, na huyu Leonidasi ndiye aliyemlea.

"Gari nzima, kijana wangu?"

"Nzima kabisa, mzee."

"Mungu akubariki. Sitaki mwanangu ahangaike njiani."

Jeneza likapandishwa nyuma. Wanawake wakakaa huku na huku wakiimba, na shangazi mmoja aliyeitwa Esteri ndiye aliyeongoza nyimbo kwa sauti iliyokwisha kukauka. Karibu kabisa na jeneza, mkono umelala juu ya kifuniko, alikaa mjane, Benita. Huyu hakuwa mtu wa ukoo huo uliotoka Burundi zamani ukapewa uraia. Asili yake ni Kongo. Alikulia kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akiuza sabuni na chumvi, na huko ndiko Nkunzimana alikomkuta alipokuwa akipeleka mihogo. Hakuwa akiimba. Alikuwa akisemasema na ubao wa jeneza kwa sauti ndogo, maskini ya Mungu, mtu na mumewe.

Njiani, Leonidasi alikaa mbele kati ya dereva na fundi. Walipopita njia panda ya kuingilia Nyarugusu alitazama dirishani, akatikisa kichwa.

"Wapo waliosema arudi hapo," alisema. "Nyuma huko, kina Esteri. Wanasema mume kafa, mwanamke wa kambi arudi kambini. Na kweli, sisi tusipomsimamia hana mtu huku nje ya kambi. Karatasi za kumruhusu kukaa nje zilipatikana kwa jina la mume. Lakini nimekataa. Kuna Irakoze, binti yao, anatusubiri nyumbani. Damu ya Nkunzimana ile, ndiyo pekee aliyotuachia. Mama yake atabaki kwenye nyumba ile alime, amlee mtoto. Nimeshasema, na nikisema mimi imekwisha."

Habonimana akaitika kwa adabu. Akatazama kwenye kioo, akamwona Benita amelalia jeneza. Akashukuru moyoni kwamba mzee yule ana huruma, kisha akarudisha macho barabarani.

Waliacha lami wakashika barabara ya vumbi. Jua lilikuwa limepanda, injini imechemka, na mbele yao ukasimama mlima wenye makorongo ya maji ya mvua. Habonimana akaweka gia ya kwanza. Walifika katikati vizuri. Akaanza kupumua.

Likakata.

Likashika, likakata, likashika. Gari likatetemeka kuanzia usukani mpaka mkiani, na nyuma jeneza likaanza kugonga ubavu wa bodi. Nyimbo zikakatika zote kwa pamoja. Likasogea hatua mbili za mtu mzima, likakwama, Habonimana akavuta breki ya mkono. Injini haikuzima. Iliendelea kukohoa palepale ilipo, na kwa kila kikohozi jeneza likagonga.

"Anagonga!" Esteri akapiga yowe. "Mana yanje, Mungu wangu, Nkunzimana anagonga!"

Abdulrahmani alimwinamia Habonimana sikioni, macho yanamng'aa kwa furaha ya kazi. "Usizime. Ndiyo hii hii. Leo nimeikamata." Akaruka chini, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akafungua boneti.

Leonidasi alibaki amekaa. Uso wake ulikuwa umesawajika.

"Dereva, kulikoni?"

Hapo, msomaji wangu, hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno lenyewe lilikuwa dogo: mzee, gari hili bovu, lina muda linamisi, na huyu ni fundi. Lilikuja mpaka kwenye ulimi. Lakini alishasema nzima kabisa, tena mbele ya maiti.

"Anaangalia maji tu, mzee," alisema.

"Si maji," alisema Leonidasi polepole, akafungua mlango akashuka.

Wafiwa walikwisha kushuka. Wakalizunguka gari, na Leonidasi akavua kofia akaomba kwanza kwa jina la Yesu, kwa kuwa wale ni Wakristo, kisha akaweka kiganja juu ya jeneza. "Mwanangu, tunakupeleka kwako. Kama kuna mtu kakukosea, aseme sasa, usiingie kwenu na kinyongo." Akaanza yeye mwenyewe. Akasema alimpiga fimbo siku moja utotoni kwa kosa la mtoto mwingine, na hajawahi kumwomba radhi. Alilia kabisa, mzee mzima, mabega yanamcheza. Akafuata Esteri, akasema aliipinga ile ndoa, akamtukana Nkunzimana hadharani, na hospitalini hakuja kumwona. Mmoja baada ya mwingine wakasema yao. Na jeneza likawa linagonga tu.

Mbele, chini ya boneti, Abdulrahmani alikuwa dunia nyingine. Injini ikiwa inaunguruma, alichomoa waya wa koili ya kwanza. Injini ikazidi kuchechemea, nusura izime. Maana yake silinda ile ilikuwa inafanya kazi yake. Akarudisha. Akachomoa wa pili, ikachechemea vilevile. Akarudisha. Akachomoa wa tatu.

Hakuna kilichobadilika. Injini ilikohoa kama ilivyokuwa ikikohoa, kama vile hakuna mtu aliyegusa kitu.

"Huyu hapa!" akasema peke yake. Silinda ya tatu ilikuwa imekufa, imebebwa na wenzake. Akachungulia kando ya boneti, akamwonyesha Habonimana kiganja. "Zima!"

Habonimana akazima. Kugonga kukakoma, na kimya kikatanda mlima wote.

Kimya kile kikaponza. Wafiwa walidhani marehemu ametulia ili asikie. Na walipojitazama, kila mmoja alishasema, isipokuwa mmoja. Macho yakaanza kumgeukia Benita, ambaye hakuwa ameshuka. Alikuwa bado amekaa nyuma ya pikapu, mkono juu ya jeneza.

"Mkamwana," alisema Leonidasi, na sauti yake haikuwa kali hata kidogo, "umebaki wewe."

"Baba, mi sina kitu."

"Hakuna asiye na kitu," akasema Esteri. "Ametutikisa sote. Umemficha nini mumeo?"

Habonimana alisikia yote kupitia kile kidirisha cha nyuma ya kiti. Akatoa kichwa nje, akamnong'oneza fundi, "Fanya haraka, bwana!" Fanya haraka! Hicho ndicho alichokiona cha kufanya. Akilini mwake alidhani gari likiwaka tu, wote watapanda, watamwacha mwanamke wa watu, na yeye hatalazimika kufungua kinywa chake. Bolti ya koili ilikuwa ya moto, Abdulrahmani alijiunguza, akatukana kwa Kiswahili safi, akaendelea. Huku nyuma wakambana.

"Sema, mama. Usimwache abaki mlimani."

"Ulimpa dawa gani?"

"Kuna neno ambalo hakulijua. Liseme sasa, alijue, apumzike."

Benita akasimama. Alikuwa mwembamba, kanga ya msiba imemfunika kichwa, na alipoanza kusema hakutetemeka. Hakuwa akitubu, naomba ulielewe hilo. Alikuwa akimtetea mumewe, asiaminiwe kuwa mtu wa kinyongo.

"Hakuna kitu nilimufichaka," alisema. "Bwana yangu alijua yote. Yote! Hata ya Irakoze. Mi nilikuja kwake na mimba ya mutu mwingine, mutu wa kambini alinikimbia. Nilimwambia ile siku ya kwanza. Akasema, huyu atakuwa mutoto yangu. Yeye mwenyewe alimupa jina Irakoze, akamushukuru Mungu juu yake. Sasa mutu alinipokea na ile, atanigomea na nini leo?"

Habonimana akaona uso wa Leonidasi ukifunguka kisha ukajifunga, na hofu ikamshika. Mbele, Abdulrahmani alikuwa ameshachomeka koili nzima na kurudisha waya, na alikuwa anainua kichwa aseme. Habonimana hakumsubiri. Akazungusha ufunguo.

Injini ikawaka kwa mguso mmoja. Ilinguruma laini, imekaa sawa, bila kukata, bila kukohoa. Jeneza lilitulia tuli.

"Karidhika," akasema Esteri, akapiga magoti katika vumbi. "Yesu wangu. Ndilo lilikuwa hilo."

Wanawake wakaanza kulia upya, sasa kwa afueni. Na wale waliokuwa wamesimama karibu na mkia wa gari wakarudi nyuma kidogo, wakimwangalia Benita kuanzia miguuni mpaka kichwani.

Abdulrahmani akatokea mbele ya boneti, koili mkononi, meno yote nje. "Nimeipata! Silinda ya tatu! Imepasuka hapa pembeni, ufa mwembamba, ikipata moto umeme unatorokea..." Akaziona nyuso. Akashusha mkono.

Hapo sasa Habonimana akafungua mlango. Sasa ndipo alipopata mdomo! Akaruka chini, maneno yakamtoka yakigongana. "Mzee, nisikilize. Ni gari. Ni gari tu, wallahi, huyu ni fundi, tumeutafuta huu ugonjwa muda mrefu. Hata ikibeba mihogo inakata! Marehemu hajagoma. Huyu mama hana kosa."

Leonidasi alimtazama kwa huzuni, bila hasira.

"Kibondo ulisema nzima kabisa."

"Nilidanganya, mzee."

"Na ndugu zetu wa Titye, ulipombeba bibi yao, uliwaambia kwa kinywa chako si jambo la gari. Mimi nilikuwepo."

"Nilidanganya hapo pia!"

"Basi nikuamini lini, kijana wangu?" Mzee akafuta uso kwa kofia yake. "Haya, tuseme ni koili. Sawa. Lakini alichosema amekisema. Koili haikumtungia."

Abdulrahmani akamsogezea ile koili auone ufa. Mzee hata hakuinamisha macho. Akamgeukia Benita, na maneno yake yalikuwa ya upole uleule aliokuwa nao ndani ya gari, ndiyo maana yaliuma zaidi.

"Shuka, mama. Mimi sina ugomvi na wewe. Nilikuwa nawapinga watu wangu kwa ajili ya damu ya Nkunzimana. Sasa niwapinge kwa ajili ya nini?"

"Na mutoto?" Benita aliuliza.

"Tutamleta kwako kambini baada ya matanga. Anajulikana wa wapi sasa."

Benita alishikilia jeneza kwa mikono miwili. Wanawake wawili wakapanda kumbandua. Abdulrahmani akawaka, "Jamani, nyie watu gani, mwacheni amzike mume wake!" na vijana wawili wa ukoo wakamsogelea kifua kwa kifua. Habonimana akachomoa ufunguo, akaufumbata mkononi. "Siendi," alisema. "Bila yeye siendi popote."

Leonidasi akaitika kwa kichwa. "Vijana, lishusheni. Tutambeba mabegani."

Walianza kweli. Walilivuta jeneza, likainama upande wa makorongo, mkono wa mmoja ukateleza, na mwili ndani ukasogea kwa mlio ambao wote waliusikia. Benita akapiga kelele.

"Muache! Mutamwangusha! Muache nitashuka." Akashuka mwenyewe. Akasimama mbele ya Habonimana, uso umelowa. "Dereva, umupeleke. Tafazali. Jua ni kali, na yeye ameshakaa sana. Umupeleke azikwe."

"Mama, mimi ndiye..."

"Umupeleke," alisema, akampa mgongo.

Akapeleka. Angefanya nini? Abdulrahmani alikataa kupanda. Alibaki kando ya barabara na yule mwanamke, akasema atamtafutia bodaboda mpaka Nyarugusu kwa dada wa Benita. Pikapu likaupanda ule mlima likiwa limejaa, kwa gia ya kwanza, kisha ya pili, bila kusita hata mahali pamoja. Miezi yote ile Habonimana alikuwa ameomba kuusikia mlio huo. Sasa alitamani likate tena, lizime, lipinduke hata, na lenyewe likawa linavuta tu vizuri.

Rungwe Mpya watu walikuwa wengi uwanjani. Mbele yao alisimama binti mdogo aliyevishwa gauni jeupe, amekumbatia msalaba wa mbao ulioandikwa jina la Nkunzimana, ule ambao mtoto wa marehemu huubeba mbele ya jeneza mpaka kaburini. Msalaba ulimzidi kimo. Alikuwa ameubana kwa mikono yote miwili na kidevu, akihangaika usimwangukie.

Leonidasi alishuka, akamwendea. Akainama, akauchukua ule msalaba taratibu kutoka mikononi mwake na kumpa mtoto wa Esteri.

"Asante, babu," alisema Irakoze, akikunjua vidole vyake vilivyochoka. "Ulikuwa mzito." Akampita, akaenda nyuma ya pikapu kumpokea mama yake.